Nilipoweka Watu Wangu Rehani

Mama mboga wangu wa Tena hakunipigia kelele siku ile. Ningependa angenipigia. Ilikuwa saa moja na kitu jioni, ule wakati watu wanashuka kutoka kazini na kibanda kinajaa, na yeye alikuwa anakata sukuma huku akiongea na wateja watatu kwa mpigo kama kawaida yake. Nilipofika mbele alinitazama, akaendelea kukata. Kisha akauliza, bila kuinua sauti:

"Kijana, namba yangu ulipeana wapi?"

Sikuelewa mara moja, basi akanieleza. Mchana huo alikuwa amepigiwa simu na mwanamke mwenye sauti ya ofisi, akaambiwa kwamba nina deni, kwamba nimelikwepa, na kwamba yeye ndiye niliyemwandikisha kuwa mdhamini wangu. Aniambie nilipe kabla ya saa kumi na mbili, la sivyo na jina lake pia litaingia kwa vitabu. Simu alikuwa ameiweka kwa spika kwa sababu mikono ilikuwa na maji ya mboga. Waliokuwa kwa foleni walisikia yote.

"Lakini si wewe ndio ulinipea hiyo namba?" nikasema. Nilisema hivyo kweli. Mpaka leo sijui nilikuwa najitetea na nini.

"Nilikupea unipigie nikuwekee sukuma," akasema. Akanifungia mboga yangu, akapokea pesa, akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu.

Nimekaa na hiyo sentensi miaka kadhaa sasa. Tangu wakati huo nimesoma makala mengi kuhusu data na algorithimu, nimesikia watu wakibishana mitandaoni usiku kucha kuhusu mashine zitakazotutawala, na sijaona aliyeliweka swali vizuri kuliko yeye na kisu chake. Sisi wengine huuliza mashine inajua nini kunihusu mimi. Yeye aliuliza jambo lingine: wewe uliyeipa mashine watu wengine, ulikuwa unatoa kitu cha nani?

Wacha nieleze nilifikaje hapo.

Mwaka ulikuwa 2021. Kazi niliyokuwa nayo tao, ya kupanga kurasa kwa duka la uchapishaji, ilikuwa imekatika na korona, na nilikuwa naokotaokota vibarua vya siku mbili tatu. Keateka wa ploti yetu alikuwa ameanza kupita mlangoni kwangu asubuhi akinisalimia kwa upole mwingi, na yeyote aliyepanga Eastlands anajua ule upole unakuja na kufuli. Nilihitaji 3,000 kukamilisha kodi. M-Shwari ilikuwa inaniambia nijaribu siku nyingine. Fuliza nilikuwa nimeimaliza, kila shilingi iliyoingia ilikuwa inamezwa kabla sijaiona. Basi nikapakua apu moja ya mikopo niliyoiona kwa tangazo. Sitaitaja, na haina haja. Mwaka huo zilikuwa nyingi kama vibanda vya chipo, zinazaliwa Jumatatu na kubadilisha jina Ijumaa.

Apu iliomba ruhusa. Isome meseji zangu? Ruhusu. Ione mahali nilipo? Ruhusu. Ifungue orodha ya watu wangu? Ruhusu. Picha? Ruhusu. Sekunde kumi haziishi. Dakika chache baadaye 2,550 zikaingia, ada ikiwa imeshakatwa, na nilitakiwa kurudisha 3,000 kamili baada ya siku 14.

Niseme ukweli, nilishukuru. Benki haingenipa hata kiti cha kungojea. Hapo ndipo hadithi ya hizi mashine ilipoanzia Kenya, na haikuanza vibaya. M-Pesa ilipoingia Machi 2007 ilikuwa njia ya kutuma pesa nyumbani tu, lakini kila aliyetuma aliacha alama: nani, lini, kiasi gani, kwa nani. Novemba 2012 Safaricom na Benki ya Biashara ya Afrika wakaleta M-Shwari, na zile alama zikawa sababu ya kukukopesha au kukunyima. Mtu asiye na hati ya shamba wala barua ya mwajiri sasa alikuwa na kitu cha kuonyesha: mienendo yake. Kisha zikaja kampuni zilizoona kwamba simu yenyewe imejaa mienendo, kuanzia muda unaoongea hadi unavyoweka akiba ya bando. Iliyokuja kuitwa Tala ilianza hapa kwa jina la Mkopo Rahisi, jina ambalo hata leo ukilisema polepole unasikia utamu wake.

Kuna jambo moja ambalo kampuni za aina hii zimewahi kulieleza hadharani, na ambalo hunichekesha kila nikilikumbuka. Moja ya ishara za mkopaji mzuri, walisema, ni namna alivyohifadhi majina kwenye simu. Aliyeandika jina la kwanza na la ukoo anaonekana mtu wa mpango. Sasa fungua simu ya mtu yeyote wa mtaa wetu. Kwangu kulikuwa na "Mathe," "Mama Mboga Stage," "Fundi Bomba," "Fundi Bomba 2 (huyu ndio mzuri)," "Baba Watoto Wa Juu," "Usishike." Haya yote ni majina ya uhusiano. Mama mboga kwangu hana ukoo. Ana mahali anaposimama na kitu anachonipa. Kwa mashine hiyo ni orodha ya mtu asiye na nidhamu, na kwangu ndiyo ramani kamili ya namna ninavyoishi. Ndiyo hiyo niliyoipeana.

Siku ya 14 ilipita bila pesa. Siku ya 18 walianza kunipigia mimi. Siku ya 23 walianza kuwapigia watu.

Kwa nini watu? Naona sababu hivi. Awali fimbo ya kampuni hizi ilikuwa CRB: usipolipa, jina lako linapelekwa huko, na mkopo mwingine huupati. Lakini Aprili 2020, korona ikiwa imeanza kubana watu, Benki Kuu iliwaondoa wakopeshaji wa kidijitali wasiodhibitiwa kwenye mfumo wa kupeleka majina CRB. Fimbo ikachukuliwa. Wengine wakabaki na kitu kimoja tu cha kushika, kile ambacho tayari walikuwa nacho kwa seva: nambari za watu wetu. Aibu ikawa dhamana. Kwa maneno mengine mama yangu, mama mboga wangu, na jamaa mmoja wa Industrial Area niliyekuwa nimemfanyia kazi akaniambia "nitakupigia wiki ijayo," wote walikuwa rehani, na hakuna hata mmoja aliyejua.

Kiswahili kina maneno mawili hapa ambayo nadhani yanatosha, hata kabla hatujaenda kwa wanafalsafa. Kuna *rehani* na kuna *amana*. Rehani ni kitu changu ninachokuachia mpaka nilipe: redio, baiskeli, simu yenyewe. Nikishindwa, unakichukua, naumia mimi. Amana ni kitu chako ulichoniachia mimi. Naweza kukitunza, naweza hata kukitumia ikiwa ulisema nikitumie, lakini kinabaki chako, na siku ukikiulizia lazima nikuonyeshe kilipo. Mtu anayechukua amana na kuiweka rehani tuna jina lake, na si jina zuri.

Nambari ya mama mboga ilikuwa amana. Nilikuwa nimezoea kusema "kontakti *zangu*," kama vile ninavyosema viatu vyangu, na lugha ikanidanganya. Kilichokuwa changu ni kumbukumbu kwamba tunajuana. Nambari ilikuwa yake, na aliniachia kwa shughuli moja. Sukuma.

Mtu atasema natia chumvi. Nambari ya simu ni kitu gani jijini Nairobi? Ingia jengo lolote tao na askari atakusukumia kitabu cha mistari uandike jina, nambari ya kitambulisho na ya simu, na aliye nyuma yako anasoma yako wakati anaandika yake. Wakala wa M-Pesa anayo. Sacco ya matatu inayo. Kama kila mtu tayari amemwagwa hivyo, mimi nimeongeza nini?

Hoja hiyo nimejaribu kuikubali maana ingenirahisishia mambo, lakini inakatika mahali pamoja. Kitabu cha askari kina nambari yako, lakini hakijui wewe ni nani kwangu. Apu ilichukua nambari pamoja na uzi unaoniunganisha nazo. Ilijua ni nani ninampigia Jumapili usiku kwa dakika arobaini, na ni nani ninamtumia pesa ndogo ndogo kila siku jioni. Haikumpigia "Usishike." Iliwapigia wale ambao mbele yao ningeona haya. Hiyo haikuwa bahati. Ndiyo kazi ambayo hesabu zile hufanya vizuri: kutafuta mahali mtu anapouma.

Kuna utetezi mwingine, wenye uzito zaidi. Kwamba sikuwa huru. Mtu ambaye mlango wake unangojea kufuli hasomi masharti, na "Ruhusu" ya mwenye njaa si ruhusa. Hili nalikubali nusu. Nakubali kwamba kampuni haiwezi kuja kuniambia "ulikubali mwenyewe," kwa sababu ilijua nimekuja nikiwa hali gani; ilijenga biashara juu ya hali hiyo. Lakini huo ni utetezi wangu dhidi ya kampuni. Kwa mama mboga haunisaidii. Nikiwa na shida naweza kuuza shati langu. Shida hainipi haki ya kuuza la jirani lililoanikwa kwenye kamba. Katika ile simu yote ya mchana hakuna mtu aliyemuuliza yeye kama alikuwa na njaa.

Nikiwaza hivi nakumbuka watu waliopanga foleni KICC mwaka 2023, wakipigwa picha za mboni za macho na Worldcoin ili wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama 7,000, mpaka serikali ilipositisha shughuli hiyo mwanzoni mwa Agosti. Mitandaoni tuliwacheka sana, ati wameuza macho. Mimi nilicheka kwa sauti ndogo. Yule kijana wa KICC aliuza jicho lake. Hakwenda pale na jicho la mama yake.

Sitaki kuonekana kama nayasifu ya zamani. Kabla ya apu kulikuwa na daftari la duka, na daftari lilikuwa na algorithimu yake. Mwenye duka alikutazama: wewe ni wa ploti gani, unaitwa nani, watu wenu hulipa? Kuna watu walionyimwa mkate kwa mkopo kwa sababu ya jina la ukoo, na kuna wasichana walioambiwa masharti mengine ya kukopa ambayo sitayaandika hapa. Mashine angalau haikuniuliza natoka wapi. Kwa mtu aliyewahi kukosa nyumba kwa sababu lendilodi alisikia jina lake, hilo si jambo dogo. Lakini daftari lilikuwa na kitu kimoja ambacho ni vigumu kukiweka kwenye programu: lilikaa pande mbili. Mwenye duka alijua siri zangu na mimi nilijua zake, nilijua anapunja sukari, nilijua ni nani anamdai yeye. Akinitangaza, nami nina la kusema. Na mdhamini wa chama au wa sacco anaitwa, anaambiwa ni pesa ngapi, anatia sahihi ama anakataa. Akikataa unajua umesimama wapi na watu. Nashuku kwamba ningemwomba mama mboga anidhamini kwa 3,000 angekataa. Angekuwa na haki kabisa. Apu ilinisaidia kulikwepa hilo jibu.

Deni lenyewe lililipwa vipi? Mama alilipa. Walimpigia kijijini akiwa anatoka kanisani, na usiku huo huo akatuma 3,000 na faini juu yake, bila kuniuliza chochote. Najua alizitoa kwa pesa za chama. Siku mbili baadaye nikapata ujumbe kwenye simu: hongera, wewe ni mteja mzuri, limiti yako imepanda hadi 5,000.

Huo ujumbe nimeufikiria karibu kama ile sentensi ya sukuma. Mashine ilikuwa imejifunza kitu, na kitu chenyewe kilikuwa cha kweli: kwamba ukinibana, pesa hutoka. Ilichokosea ni mwenye sifa. Ile 5,000 ilikuwa kipimo cha haya ya mama yangu, ikaandikwa kwa jina langu, ikaitwa uaminifu wangu. Na mimi nusura niichukue.

Sheria imekuja, na sitaidharau. Tulikuwa na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019, ila wengi wetu hatukujua. Machi 2022 Benki Kuu ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali: lazima wawe na leseni, na hawaruhusiwi kutumia orodha ya watu kwenye simu ya mkopaji kuwasumbua akichelewa. Kufikia Septemba mwaka huo maombi yalikuwa 288 na waliopewa leseni walikuwa 10, na hapo unaona msitu tuliokuwa tunatembea ndani yake. Mwisho wa Mei 2023 Google ilikataza apu za mikopo kugusa orodha ya watu na picha. Septemba mwaka huo Kamishna wa Data aliitoza Mulla Pride, kampuni yenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari ilizopata kwa watu wengine kutuma vitisho. Na ukisoma ile sheria ya 2019 utakuta kanuni kwamba data ikikusanywa kwa kusudi fulani, isitumiwe kwa kusudi lisilopatana nalo. Wanasheria walihitaji kurasa. Mama mboga alihitaji neno moja, nikuwekee.

Lakini sheria inazungumza na kampuni. Inamlinda mkopaji, inamlinda hata yule aliyepigiwa. Anaweza kwenda kulalamika. Haisemi chochote kuhusu mimi na kidole changu. Kwa hiyo mwaka jana, Jumamosi moja bila kazi, niliamua kufanya kitu cha kijinga. Nilianza kuwapigia watu walio kwenye simu yangu kuwaambia kwamba mwaka 2021 niliwapeana. Nilikuwa nao 341. Nilifika wa kumi na tisa.

Wengi hawakushika, maana siku hizi Nairobi simu ambayo hukuitarajia unaiangalia ikilia mpaka inyamaze. Shangazi alifikiri nataka pesa. Fundi Bomba 2 alisema hakuna shida, akauliza kama maji yanavuja. Kisha nikampata rafiki yangu wa Kayole, tuliyesoma naye. Nilimweleza yote, rehani, amana, kila kitu. Akanyamaza kidogo halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Buda, na wewe uko kwangu," akasema. "Mimi nimekupeana kwa apu sita."

Nikaketi kitandani. Sikuwa nimewahi kufikiri upande huo. Yote niliyoandika hapa nimeyaandika kama mtu aliyewaweka wengine rehani. Kumbe nami niko kwa seva nisizozijua, kwa madeni ya watu ambao labda hata hawakumbuki kwamba wana nambari yangu. Ile limiti ya rafiki yangu, ndani yake mna kipande changu. Ile yangu ina kipande chake. Sijui hesabu hiyo inafutwaje. Hatukuombana msamaha. Tulizungumza kidogo kuhusu mpira, akakata.

Mama mboga sikumpigia. Laini yake ya zamani haiingii tena, na mpya hajanipa, nami sijaomba. Ana nambari ya Lipa na M-Pesa aliyoibandika kwa ubao, na hiyo ni ya kila mtu. Juzi nilimwona akimwandikia dada mmoja wa ploti ya pili nambari yake kwa kipande cha katoni, "ukichelewa unipigie nikuwekee." Mimi hupanga foleni. Nikifika mbele anauliza, "Ya ngapi?" nami nasema ya ishirini, na ninasimama pale mpaka amalize kukata.